Betri ya moyo kwa mgonjwa wa moyo kufeli: jinsi ya kujua ipi inakufaa na namna ya kuishi nayo ukiwa Dodoma

Hii ni kwa mtu ambaye kliniki wameshamwambia moyo wake umetanuka au hausukumi damu vizuri, miguu inavimba, akitembea kidogo anahema, usiku anapanga mito mitatu ndo apate usingizi, na sasa kila anayekuja kumpa pole anamwambia si uwekewe betri tu. Ni pia kwa ndugu anayeuguza, maana anayebeba faili na kukaa foleni mara nyingi siyo mgonjwa, ni binti yake au mke wake. Mimi namuuguza mama yangu mkubwa hapa Nkuhungu, ana kifaa kifuani, na maswali ninayoulizwa na watu kutoka Kongwa, Bahi, Manyoni mpaka Kondoa ni yaleyale, kwaiyo nayaweka yote hapa.

La kwanza, na ndo kubwa kuliko yote humu: hakuna betri ya moyo moja. Kuna vifaa kadhaa vinavyotumia umeme kusaidia moyo uliochoka, kila kimoja kina tatizo lake kinalolitibu, na ukimwekea mtu asiye na tatizo hilo hakitamsaidia, tena vingine vinamuumiza. Kwaiyo usianze kuulizia kifaa wala bei. Anza na karatasi mbili ambazo huenda tayari unazo nyumbani ndani ya mfuko wa rambo.

Karatasi mbili kwanza

Karatasi ya kwanza ni majibu ya ECHO, ile ultrasound ya moyo. Tafuta palipoandikwa EF. Hiyo ni asilimia ya damu ambayo chemba kubwa ya kushoto inaitoa nje kila moyo unapopiga. Moyo mzima kwa kawaida ni kama 55 mpaka 70, hakuna mtu mwenye 100, kwaiyo ukiona 60 usilie, hiyo ni nzuri kabisa. Ikiwa 40 kushuka chini hapo moyo ni dhaifu, na 35 ndo namba ambayo madaktari wanaiangalia sana wakianza kuzungumzia vifaa.

Karatasi ya pili ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ile ya viboksi vya rangi ya pinki yenye mistari inayopanda na kushuka, na hapa naomba ukae kidogo kwa sababu watu wengi wanaitupa. Juu kwenye kona mashine huwa inachapa namba, tafuta iliyoandikwa QRS, mbele yake kuna ms, yani milisekunde, sehemu ya elfu ya sekunde. Huo ndo muda ambao umeme wa moyo unatumia kusambaa kwenye chemba mbili za chini. Kawaida ni chini ya 120. Kama mashine haikuchapa namba angalia viboksi vyenyewe: kwenye spidi ya kawaida ya karatasi kiboksi kimoja kidogo ni ms 40, kwaiyo ule mchomo mrefu ukiwa na upana wa viboksi vitatu ni 120, ukikaribia vinne umeshafika 150. Alafu angalia kama kuna herufi LBBB, maana yake njia ya umeme ya upande wa kushoto wa moyo imekatika, umeme unapitia uchochoroni na upande wa kushoto unachelewa kupokea taarifa. Sikwambii ujitibu kwa kuhesabu viboksi, nakwambia ili ukiingia kwa dokta uulize swali lenye kichwa na miguu (CRT ni kimojawapo cha hivyo vifaa, nakieleza mbele): "Dokta, EF yangu ni 28 na QRS ni 156, je mimi ni wa CRT?" Swali hilo linajibiwa. "Dokta, naweza kuwekewa betri?" unaambiwa tutaangalia.

Na karatasi ya ECG inafifia, hasa ukiiacha kwenye dashibodi ya gari na jua letu hili, baada ya muda unabaki na karatasi tupu. Piga picha siku hiyohiyo, toa kopi mbili.

Dawa kabla ya waya

Daktari wa moyo anayejua kazi yake hatakupeleka kwenye kifaa kabla hujatumia dawa zote kwa dozi inayotakiwa angalau miezi 3. Siyo kwamba anakuzungusha. Dawa za moyo kufeli ni makundi manne na yanafanya kazi pamoja: enalapril au losartan au ile mpya ya sacubitril na valsartan, carvedilol au bisoprolol, spironolactone, na dapagliflozin au empagliflozin, hizi za mwisho watu wanazijua kama za sukari lakini zinasaidia moyo hata wa mtu asiye na sukari. Lasix inatoa maji, inakupa nafuu ya haraka, ila haimo kwenye hayo manne. Dozi inapandishwa polepole huku wakiangalia pressha na figo. Hapo ndo wengi wa kwetu tunakwama, mtu akishaona miguu imenywea anaacha, au dawa zikiisha anasubiri mpaka auze alizeti, alafu anarudi akiwa hoi anaambiwa EF imeshuka, anadhani dawa hazifanyi kazi.

Baada ya hiyo miezi mitatu rudia ECHO. Kuna watu EF yao inapanda mpaka mjadala wa kifaa unakufa wenyewe, na hiyo ni habari njema kuliko betri yoyote. Kwa kina mama ambao moyo umetanuka mwishoni mwa mimba au baada ya kujifungua hili ni la kusisitiza zaidi, wengi wao moyo unarudi ndani ya miezi 6 hivi, kwaiyo mtu akikukimbiza kuwekewa kifaa cha kudumu wiki chache tu baada ya kujifungua muulize kwa adabu kwa nini tusisubiri. Ila kwenye uzazi wa mpango usisubiri, ongea na daktari mapema, mimba nyingine kwa moyo ambao haujapona ni hatari kweli.

Sasa vifaa vyenyewe

Betri ya kawaida ya moyo ni kwa mtu ambaye moyo unapiga polepole mno au unasimama-simama mpaka anazimia. Hii siyo tiba ya moyo kufeli. Tena nikwambie kitu ambacho hakisemwi sana: betri ya kawaida inapiga chemba ya kulia peke yake, na mtu ambaye moyo wake unaitegemea muda mwingi anaweza baada ya muda kudhoofika moyo kwa sababu hiyo hiyo. Kwaiyo kama mzee wako ana betri ya miaka mingi na sasa ameanza kuvimba miguu na kuhema, usikubali jibu la "ni umri". Omba ECHO.

CRT ndo kifaa hasa cha moyo kufeli. Kina nyaya tatu, mmoja chemba ya juu kulia, mwingine chemba ya chini kulia, na wa tatu unapitishwa kwenye mshipa mpaka nyuma ya chemba ya kushoto, ili pande zote mbili zibane kwa wakati mmoja. Fikiria gari limekwama kwenye mchanga pale mtoni, watu kumi wanasukuma ila kila mmoja kwa muda wake, halitoki. Wakisukuma kwa pamoja linatoka na nguvu ni zilezile. Hiyo ndo kazi ya CRT. Anayefaidika zaidi ni mwenye EF ya 35 kushuka chini, QRS ya 150 kwenda juu, LBBB, na bado anahema pamoja na dawa. Kati ya 130 na 150 inajadiliwa. Chini ya 130 ni hapana, na hii siyo ubahili: mwaka 2013 utafiti mmoja mkubwa wa watu wenye QRS nyembamba ulisitishwa njiani kwa sababu kifaa hakikuwa kinasaidia, tena waliowashiwa walifariki zaidi ya ambao kilikuwa kimezimwa. Ndo maana nimekukazania kwenye viboksi.

Kwa anayestahili faida yake ni kubwa. Utafiti wa CARE-HF uliotoka 2005 uliwafuatilia wagonjwa 813 wa Ulaya: kati ya 404 waliobaki na dawa tu walifariki 120, kati ya 409 walioongezewa CRT walifariki 82. Na walio hai walikuwa wanatembea vizuri zaidi na kulazwa mara chache. Ila mkubaliane nyumbani mapema kwamba karibu theluthi moja ya wanaowekewa hawaoni nafuu ya maana, hata kama kila kitu kimefanyika sawa. Siku hizi pia kuna njia ya kuchomeka waya moja kwa moja kwenye njia ya umeme ya moyo ya kushoto badala ya kupita nyuma, ukiisikia usiogope, lengo ni lilelile.

ICD ni kitu kingine. Hii haiongezi nguvu ya moyo hata kidogo, yenyewe inalinda: moyo ukianza kutetemeka ovyo ule mtetemo unaoua kwa dakika, inaupiga shoti na kuurudisha. Ya kwanza mtu aliwekewa 1980 huko Johns Hopkins, Marekani. Inapendekezwa kwa EF ya 35 kushuka baada ya miezi mitatu ya dawa, na kwa aliyepata shambulio la moyo wanasubiri angalau siku 40. Utafiti wa 2005 wenye watu 2521 ulionyesha inapunguza vifo kwa asilimia 23. Lakini hapa tulio Tanzania tutulie tufikiri. Wagonjwa wa huko wengi ni watu wa mishipa ya moyo kuziba. Kwetu chanzo kikuu ni pressha. Utafiti wa 2012 uliochukua wagonjwa 1006 wa nchi 9 za Afrika ulikuta pressha ndo inaongoza na wastani wa umri ni miaka 52, watu wa makamo kabisa. Na mwaka 2016 Denmark waliwapima wagonjwa 1116 ambao moyo wao haukuharibiwa na mishipa kuziba, ICD ikapunguza vifo vya ghafla karibu nusu lakini vifo vyote kwa jumla havikushuka kwa kiwango cha kuaminika, ingawa wenye umri mdogo walionekana kufaidika. Maoni yangu: ukiambiwa ICD na chanzo chako ni pressha na umri umeenda, uliza vizuri kabla hujauza shamba. Ukiwa kijana, au umeshawahi kuanguka ghafla na kuzinduliwa, usichelewe.

Kuna pia CRT iliyounganishwa na ICD, kifaa kimoja kazi mbili. Bei inapanda na betri inaisha mapema.

Vingine nitavipitia haraka kwa sababu utavikuta kwenye intaneti na watu watakutumia video. Kuna CCM, kifaa kinachotuma umeme wakati moyo tayari umeshaanza kubana, kwaiyo hakianzishi pigo ila kinaufanya msuli ubane kwa nguvu zaidi. Kiliruhusiwa Marekani mwaka 2019, ni kwa watu wenye EF 25 mpaka 45 ambao QRS yao ni nyembamba, yani wale CRT imewakataa. Mgonjwa anakichaji mwenyewe nyumbani kupitia ngozi, kama mara moja kwa wiki, na kwa mitaa ambayo umeme unakatika unaona mwenyewe kwamba hilo ni la kupangia. Kuna kifaa cha shingoni kinachosisimua sehemu ya mshipa mkubwa inayopima pressha, mwili ukaacha kuukimbiza moyo, nacho kiliruhusiwa mwaka huohuo. Kuna cha kusisimua mshipa wa fahamu wa vagasi, hicho utafiti mkubwa uliotoka 2016 haukuonyesha kinapunguza vifo wala kulazwa, kwaiyo mtu akikuuzia matumaini hayo mkatalie. Kwa mgonjwa wa Dodoma leo hivi vitatu siyo vya kupangia bajeti. Ongea CRT, ongea ICD, na dawa.

Pa kwenda

Kama uko wilayani anza na hospitali ya wilaya au ya misheni kama Mvumi, upate ECG na barua ya rufaa, usije mjini mikono mitupu. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita Jenero, na kuna Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM, ambako kuna madaktari bingwa wa moyo na ile maabara yao ya moyo wanakopitisha nyaya kwenye mishipa. Kwa CRT na ICD kuwa tayari kuambiwa uende Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar. Muulize daktari wako kama kuna kambi ya mabingwa wanakuja na lini, vifaa hivi mara nyingi vinawekwa wagonjwa wakipangwa pamoja, ukijua tarehe mapema unajipanga. Kwa mgonjwa anayehema treni ya SGR imekuwa msaada mkubwa, anakaa ameegemea na anaweza kusimama kunyoosha miguu, siyo kama basi. Siku ya safari Lasix asiache kumeza kwa kuogopa choo, muulize daktari saa ya kuimeza na chagueni siti karibu na choo.

Kuhusu hela, usikubali namba ya mdomo. Omba makadirio kwa maandishi na uangalie kama yamejumuisha kifaa, nyaya zote, vipimo, kulazwa, na ukaguzi wa baadaye. Kama una bima nenda dirisha la bima palepale hospitali na uulize vitu viwili tofauti: kifaa kinalipwa kiasi gani, na kubadilisha betri ikiisha kunalipwa? Hilo la pili watu wanalisahau. Kama huna uwezo fika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya tarehe, ukiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, siyo siku ya kulipa.

Siku ya kuwekewa na wiki zinazofuata

Hakifunguliwi kifua. Wanakata padogo chini ya mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, mara nyingi kushoto, kwa ganzi ya hapohapo na dawa ya kukutuliza, wanapitisha nyaya kwenye mshipa wakiangalia kwa eksirei, kifaa kinakaa chini ya ngozi. Betri ya kawaida inaweza kuisha kwa saa moja hivi, CRT ni ndefu, masaa mawili mpaka manne, kwa sababu ule waya wa kushoto unatafutiwa njia. Ndugu mlioko nje msianze kupiga simu za kilio mkiona saa zinapita. Kama mgonjwa anatumia warfarin au dawa nyingine ya kuyeyusha damu, aseme mapema na asiache mwenyewe.

Mkono wa upande wa kifaa usipande juu ya bega wiki 4 mpaka 6, usibebe ndoo, usichote kisimani, usitwange. Lakini usiufunge mkono kwenye kanga ukaugandisha, bega litakaza. Tembeza kiwiko na vidole, nyanyua mpaka usawa wa kifua. Kidonda kikae kikavu, na vumbi letu la Agosti unalijua, vaa nguo safi ya pamba inayofunika. Usipake majivu, asali wala mafuta ya mnyonyo. Kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa usaha au ukipata homa, rudi siku hiyo, uambukizo ukiingia kwenye kifaa inaweza kulazimu kutoa kila kitu. Dawa ya maumivu iwe paracetamol. Diclofenac na ibuprofen zinashikilia maji na kuumiza figo za mtu wa moyo, na hizi ndo tunazinunua duka la dawa kama pipi.

Ukisikia kitu kinagonga-gonga chini ya mbavu za kushoto kama kwikwi isiyokoma, hasa ukilalia upande mmoja, ule waya wa kushoto unasisimua msuli wa kupumulia. Wengi hapo wanadhani wamerogwa. Waambie kliniki, mara nyingi wanarekebisha kwa kompyuta bila kisu.

Ukaguzi wa kwanza ni ndani ya wiki chache, alafu miezi 3, alafu kama kila miezi 6. Na hapa kuna swali moja ambalo mwenye CRT lazima aondoke na jibu lake kila mara: "Kifaa kinapiga asilimia ngapi ya mapigo yangu?" Wanataka zaidi ya 95, na ikifika 98 ndo vizuri. Ikiwa 80 maana yake umebeba kifaa cha gharama ambacho hakifanyi kazi yake, labda moyo una mapigo ya ovyo yanayokiwahi, na kuna la kufanya, dawa au marekebisho. Mama mkubwa anaandika hiyo namba nyuma ya daftari la kliniki kwa kalamu nyekundu, tarehe na asilimia, na daktari mpya akifungua ukurasa huo haulizi mengi.

Kuishi nayo

Dawa zinaendelea zote. Kifaa hakikuja kuzitoa. Pima uzito kila asubuhi ukitoka chooni kabla hujala. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu ni maji hayo, piga simu kliniki. Joto likiwa kali au ukiharisha napo piga simu, dozi ya Lasix inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Chakula, niseme la kwetu Ugogoni. Mlenda ni mboga nzuri, tatizo ni magadi. Magadi ni sodiamu kama ilivyo chumvi, na mwili wa mgonjwa wa moyo hautofautishi, unashikilia maji vilevile. Mtu anaacha chumvi kwa uaminifu kabisa alafu kila jioni anakula mlenda uliotiwa magadi na maharage yaliyoivishwa kwa magadi, miguu inavimba, anasema sijui kosa liko wapi. Mlenda unaweza kupikwa bila magadi, utachukua muda kidogo, weka nyanya na karanga. Samaki wa chumvi na vitoweo vya paketi viache. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kwa watu wa pressha usiitumie bila kuuliza, ina potasiamu na ukichanganya na spironolactone inaweza kupanda ikaleta hatari kwenye moyo.

Simu inatumika, ila iwe sentimita 15 mbali na kifaa na uongelee sikio la upande mwingine. Kina mama, simu kwenye sidiria upande wa kushoto ndo mwisho. Simu mpya zenye sumaku nyuma ni za kuangalia zaidi. Spika kubwa za shereheni usiziegemee kifua, zina sumaku. Mashine ya kusaga, jenereta, gari likiwa linaunguruma, vyote unaweza kuwa navyo karibu, simama tu kama hatua moja usiiname juu yake. Kuchomelea vyuma ndo kazi ya kuogopa, hasa mwenye ICD, kifaa kinaweza kudhani ule umeme ni mtetemo wa moyo kikakupiga shoti. Kama hiyo ndo kazi yako mweleze daktari kabla hujawekewa, siyo baada. Geti la ukaguzi stesheni, uwanja wa ndege au Bungeni pita bila kusimama katikati, onyesha kadi ya kifaa, na mkaguzi mwenye kile kirungu asikizungushe juu ya kifua. Kadi hiyo itembee na wewe kila mahali, na kabla ya kipimo chochote cha MRI, ile mashine ya sumaku kubwa, ionyeshe, kuna vifaa vinavyoruhusu na visivyoruhusu. Umeme wa mtaani ukikatika hakizimi, kina betri yake ndani, na redio au kompyuta ya kawaida havikidhuru.

Mwenye ICD afundishwe na watu wa nyumbani wafundishwe: ikipiga shoti moja na ukajisikia vizuri, kaa chini, wapigie kliniki siku hiyohiyo. Ikipiga mbili au zaidi, au moja lakini una maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi imekata, ni hospitali sasa hivi kwa gari lolote. Akianguka na hajibu, anza kukandamiza kifua, usiogope kumgusa, hata ukihisi mshtuko mdogo hauna madhara kwako.

Betri inaisha, panga kwa hilo. Ya kawaida inakaa kama miaka 8 mpaka 12, CRT yenye ICD inaweza kuwa 5 mpaka 8. Haiishi ghafla kama ya tochi, ukaguzi unaonyesha miezi kabla, na ndo sababu nyingine ya kutoruka kliniki. Kubadilisha ni rahisi kuliko kuweka, nyaya zikiwa nzima zinaachwa. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ya moyo ndani ya mwili, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa Oktoba 1958, ya kwanza ikafa ndani ya masaa machache tu, akabadilishiwa zaidi ya 20 maishani na akafariki 2001 akiwa na miaka 86. Yake ilikuwa ya mapigo ya polepole, siyo moyo kufeli, ila naitaja kwa wanaodhani ukishafunguliwa mara ya pili umekwisha.

Jambo gumu lakini la kusemwa: mgonjwa mwenye ICD akifika hatua ya mwisho kabisa, ya kansa au ya moyo wenyewe, familia inaweza kuomba sehemu ya shoti izimwe ili asisumbuliwe anapoondoka. Inafanyika kwa kompyuta bila kukata popote, haimsimamishi moyo, na siyo kumuua. Ongeeni naye angali anaongea. Kwa anayezikwa kifaa kinaweza kubaki, kwa anayechomwa kama ndugu zetu Wahindu lazima kitolewe, betri inalipuka kwenye moto.

Mwisho ni hizi mashine za umeme zinazotembezwa sokoni, stendi na kwenye makongamano ya maombi na lishe: za kukanyaga miguu, za kubandika mgongoni, za kushika chuma ukapimwa mwili mzima kwa dakika moja. Ni kweli hospitali kuna tiba ya kusisimua misuli ya mapaja kwa umeme kwa wagonjwa wa moyo dhaifu sana wasioweza mazoezi, inafanywa na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua una nini kifuani. Ya sokoni siyo hiyo. Mwenye betri, CRT au ICD asiikanyage wala kuibandika, umeme wake unaweza kukichanganya kifaa, na ile ya kushika chuma haiwezi kukupa EF wala QRS. Mtu akikuambia mashine yake imeona moyo wako umepona, nenda ukarudie ECHO, ulinganishe na ile ya zamani.